Nimerudiana na mtu ambaye marafiki wangu hawamtaki

Kwa kawaida ukurasa huu unabeba habari za bei ya unga, za barabara na za familia zilizohama. Leo nabeba habari yangu mwenyewe. Nimeona ni habari ya wengi, kwa sababu kila ninapoigusia nje ya mikrofoni kuna mama au kijana anayenivuta kando na kusema: "Hata mimi."

Habari ni hii. Nimerudiana na mwanaume tuliyeachana naye mwaka 2021. Marafiki wangu watatu hawamtaki.

Na marafiki hao si watu wa kupiga nao stori tu. Benki za hapa Goma zilipofunga milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, likelemba yetu sisi wanne ndiyo ilikuwa benki yangu. Siku zile mabomu yalipokuwa yakianguka mjini, nyumba ya mmoja wao ndiyo ilinipokea, nikalala sakafuni na watoto wake, mbali na madirisha. Mtu akiniambia, "Achana na marafiki, fuata moyo wako," ninamwona kama mtu asiyejua tunavyoishi hapa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki hapa kwetu haijakosekana.

Turudi nyuma kidogo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tukafikiri yamekwisha, lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana. Tarehe 27 asubuhi na mapema, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 ya mji ihame, kwa hofu kwamba lava ingeweza kutokea chini ya mji au chini ya ziwa. Watu karibu 400,000 waliondoka. Wengine walishika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu.

Mimi nilikuwa Mabanga. Mwanaume huyu alikuwa amekwisha kuja kujitambulisha kwetu, na wazee walikuwa wameanza kuzungumza habari ya mahari. Alikuwa na pikipiki. Asubuhi ile alinipigia simu, akasema nimngoje. Nilingoja mpaka barabara ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Hakuja. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amempakia mama yake na mdogo wake, akawapeleka mpakani, wakavuka.

Nilifika Sake kwa miguu, kilomita zaidi ya 20, pamoja na marafiki wawili kati ya hawa watatu. Tulipokezana kubeba mtoto wa mmoja wao na godoro langu. Tulilala kwenye sakafu ya kanisa. Usiku nilikuwa naamka kutazama simu, na wao walikuwa wanaona. Serikali iliporuhusu watu kurudi, mwanzoni mwa mwezi wa sita, siku 11 zilikuwa zimepita bila neno lake hata moja. Alipokuja kwetu alicheka, akasema: "Si mlifika?" Marafiki wangu walikuwa wamekaa pale pale, wakasikia. Wiki ile ile tukaachana.

Alikwenda Bukavu kutafuta kazi. Huko aliishi na mwanamke mwingine, na hayo nayo yakaisha. Mwaka 2025 vita vilipofika Bukavu, alijua na yeye maana ya kulala na viatu miguuni. Akarudi Goma kwa mashua. Akanipigia simu, kisha akaja.

Sitaandika hapa yote tuliyosema. Nitaandika neno moja, kwa sababu ndilo lililonifanya nimpe kiti. Sikusikia habari ya network wala ya betri. Alisema: "Siku ile nilimchagua mama, na hata leo ningemchagua. Lakini ningekuambia usiningoje. Na zile siku 11 nilinyamaza kwa aibu."

Nilipowaambia marafiki, wa kwanza, tuliyesoma naye sekondari, alisema: "Ule mutu alikuachaka njiani. Leo anatafuta nini?" Wa pili, tuliyefanya naye mafunzo ya uandishi wa habari, aliniuliza kama mtu aliyekaa Bukavu na mwanamke mwingine amerudi kwa sababu ya mapenzi au kwa sababu ya kukosa pa kulala. Wa tatu, mama anayeuza sambaza Kituku, alinyamaza, akaendelea kuhesabu pesa yake, kisha akasema: "Akikuacha tena, tutakubeba tena. Lakini tumechoka kukubeba."

Neno hili la mwisho lilikaa nami wiki nzima. Nilipolitafakari niliona kitu ambacho sisi tunaorudiana na watu wetu wa zamani tunakiruka upesi. Mimi nilikuwa nimeombwa msamaha. Wao hakuna aliyewaomba. Godoro alilopaswa kulibeba yeye lilibebwa na wao. Machozi aliyoyasababisha yeye waliyafuta wao, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Kuwaambia "mambo yamekwisha, tumesameheana" ni sawa na kufuta deni la mtu mwingine bila kumwuliza mwenye pesa.

Katika kazi yetu tunafundishwa kusikiliza pande zote kabla habari haijatangazwa, na kutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa. Nilichukua karatasi nikaigawanya mara mbili. Upande mmoja niliandika yaliyofanywa na volkano: barabara kujaa, mji kukimbia kwa saa chache, pikipiki moja na watu wengi wa kuokoa, mama mzee asiyeweza kutembea. Upande wa pili niliandika yaliyofanywa naye: kuniambia nimngoje, kunyamaza siku 11, kucheka. Ile orodha ya kwanza sikuhitaji kuisamehe, kwa sababu mlima haumwombi mtu radhi. Orodha ya pili ndiyo aliyotakiwa kuijibu, na si kwangu peke yangu.

Nimewasikia wengi ambao hesabu yao inatoka tofauti na yangu. Mama mmoja niliyekutana naye Bulengo, kabla kambi zile hazijavunjwa mwezi wa pili 2025, aliambiwa na majirani wa mahema kwamba bwana yake amemtupa. Walikuwa wamepotezana njiani wakitoka Masisi. Baada ya mwaka mzima simu ikaita kutoka Uganda: bwana alikuwa kambi ya wakimbizi ya Rwamwanja, alikuwa akimtafuta kupitia kila mtu anayetoka upande wa kwao. Orodha yake ya pili ilikuwa tupu. Yule aliyelaumiwa hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la vita.

Mwingine alirudiwa na bwana wiki ile ile jina lake lilipotoka kwenye orodha ya msaada. Wenzake wakamwonya. Jetoni ilipokwisha kugeuzwa pesa, bwana naye akaisha. Marafiki wale walikuwa wameona wazi, kwa sababu mtu aliye nje anaona saa ambayo mgeni amebisha hodi.

Na kuna wa tatu, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo sana hata kinasa sauti hakikumshika vizuri. Bwana yake alikuwa anampiga kabla ya vita, akampiga kambini, na sasa anatuma wazee waseme shida za kuhama ndizo zilimfanya mkali. Mama, kama unanisoma: mkono unaopiga usiuweke kwenye orodha ya vita. Watu maelfu wamekimbia mabomu, wamelala njaa chini ya shitingi, na hawakumpiga mtu. Hapo marafiki wakikwambia usirudi, washike mkono usiwaachilie.

Basi mimi nilifanya hivi. Nilimwambia huyu mwanaume kwamba kabla hajaingia kwetu tena, atakaa mbele ya wale watatu. Si mbele ya wazee kwanza. Mbele ya wale waliobeba godoro. Tulikutana Jumapili moja mchana nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye alikubali kuwa mwenye baraza. Shangazi alitoa amri mbili: hakuna kukatizana, na hakuna kuleta habari ya Biblia mpaka watu wamalize kusema.

Walisema yote. Rafiki wa sekondari alitaja mpaka rangi ya kitambaa nilichokuwa nafutia machozi Sake. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Zamu yake ilipofika alijaribu kuanza na habari ya mpaka na umati wa watu, shangazi akamkata: "Hiyo tunaijua, sisi wote tulikimbia. Sema yako." Alikaa kimya kidogo. Kisha akamgeukia kila mmoja kwa jina lake, akasema anaomba msamaha kwa mzigo aliowatwika, na kwa kicheko kile.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana wote. Mwandishi mwenzangu alisema atangoja aone mwaka mmoja. Mama wa Kituku alimwambia akanunue sambaza kwake kila wiki, bila deni, watu wakacheka. Wa sekondari alisema: "Nitakusalimia. Kucheka na wewe bado." Nilimheshimu kwa neno hilo. Msamaha wake ni mali yake, sina haki ya kumharakisha, na sitamtafutia mwingine wa kukaa nafasi yake.

Baada ya hapo tuliwekeana mambo machache, ambayo nayaandika kwa sababu yanaweza kumfaa mtu. Likelemba yetu haiingii kwenye mambo ya nyumba: hata tukioana, hatajua siku yangu ya kupokea. Tulikwenda pamoja kituo cha afya kupima damu, yaani VIH, na tukarudi kupima mara ya pili baada ya miezi mitatu. Hatuishi nyumba moja. Na mazungumzo ya mahari yaliyokatika mwaka 2021 yataanza upya mbele ya wazee, kwa sababu kanuni ya familia ya nchi yetu, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka walau sehemu ya mahari iwe imetolewa kabla ndoa haijafungwa.

Kwa ninyi ambao mlikuwa mmekwisha kufunga ndoa na kuiandikisha, kumbukeni jambo moja ambalo watu wengi huniuliza: kupotezana njiani hakuvunji ndoa. Talaka inatolewa na hakimu, haitolewi na vita wala na majirani. Mtu akirudi baada ya mwaka au miaka, kisheria bado ni bwana yako au bibi yako. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mtu kumfungulia mlango yule anayempiga.

Watu huniuliza pia: na kama marafiki wana haki, na huyu mtu akaondoka tena? Inawezekana. Hapa kwetu hakuna anayejua mwezi ujao utakuwa na nini. Lakini nikimchagua, nimemchagua mbele ya mashahidi wanaomjua vibaya, si gizani. Anajua kwamba wanamtazama. Na mimi najua kwamba nikirudi kubisha mlango wa Himbi au wa Mabanga usiku, sitabisha kama mtu aliyewaficha jambo.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kumrudia mtu wako, usianze kwa kuwakwepa wanaomchukia. Wapelekee huyo mtu. Asipokubali kukaa mbele ya watu waliokulisha alipokuwa hayupo, basi amekwisha kukujibu. Na ninyi marafiki mnaokasirika, endeleeni kusema mlichokiona, bila kuongeza chumvi, na muache mlango wazi hata kama uso bado umekunjwa.

Tutumieni maoni yenu, kwa sauti au kwa maandishi, nasi tutayasoma hewani bila kutaja majina. Tuendelee kuchungana.