Namba Tatu za Prosesa Moja

Jumamosi, 9 Machi 2013
Umeme umerudi saa tatu usiku. Nimeingia kwenye BIOS, nikapandisha kizidishi cha prosesa hadi 44, na volti nikaziongeza. Mashine imewaka bila kugoma. Lakini Windows bado inaandika Core i5-2500K, 3.30GHz, vilevile kama jana. Programu ya CPU-Z ndiyo imenivunja moyo: 1596.8MHz. Nimeipandisha, ikashuka?

Jumapili, 10 Machi
Nimeelewa! Ile 3.30GHz ni sehemu ya jina la prosesa, limeandikwa ndani ya chipu tangu kiwandani. Hata nikiichochea vipi, jina halibadiliki. Na ile 1596.8 ni prosesa ikipumzika: ikikosa kazi hujishusha hadi kizidishi cha 16 ili isile umeme bure. Nikaipa kazi ya kubana video ya harusi ya dada, namba ikaruka papo hapo hadi 4391.2. Kwa nini si 4400 kamili? Kwa sababu saa ya madabodi inapiga 99.8MHz badala ya 100. Mara 44, ni 4391.2, mara 16, ni 1596.8. Nimepiga hesabu kwa kalamu mara tatu, kwa raha tu ya kuona inakubali.

Jumatano, 13 Machi
Video ileile kabla ya kupandisha ilichukua dakika 44. Kutoka 3.3 kwenda 4.4 nilitegemea 33. Imechukua 34 na ushei, mara mbili mfululizo. Dakika hiyo imenisumbua hadi nilipokumbuka turbo: viini vyote vinne vikiwa kazini, prosesa hii hupanda yenyewe hadi 3.4. Kumbe sikuwahi kuanzia 3.3. Jina lilinidanganya kwa mara ya pili.

Jumamosi, 16 Machi
Saa nane mchana, chumba kinachemka. Nimekaa na CPU-Z wazi muda wote wa kazi, na nimeona nilichokuwa sikioni nikichungulia mara mojamoja: namba inaporomoka, inarudi, inaporomoka tena. Prosesa inajikinga na joto. Feni iliyokuja nayo haiwezi volti nilizoongeza.
Nimeshusha kizidishi hadi 42, na volti pia. Saa nzima namba haijatikisika. Jumatatu nikitoka kazini napita Kariakoo kutafuta feni kubwa.