Barua kutoka Leeds: Ukungu Ulio Katikati ya Vioo

Kaka Selemani,

Dada na shemeji wanakusalimu sana, na watoto wanauliza lile kabati uliloahidi siku ya harusi litafika lini. Mimi nimefika salama. Wenyeji wanasema baridi ya sasa si kitu, lakini mimi nimevaa masweta mawili na mikono naificha kwapani. Uliniagiza nisikae tu kula na kulala, nikuandikie mafundi wa huku wanavyofanya kazi. Haya, kaa kitako.

Shemeji ana vani yake, na hauzi madirisha. Kazi yake ni kutengeneza yaliyoharibika, basi. Huku kila mtaa umejaa madirisha ya plastiki nyeupe yenye vioo viwili, na mengi yalifungwa miaka ya 1980 na 1990, enzi ambazo wauzaji walipita mlango kwa mlango mpaka watu wakawa wanajificha. Sasa yamezeeka, na shemeji ndiyo riziki yake.

Nilifuatana naye Harehills, mtaa wa matofali mekundu wenye nyumba zilizojengwa mgongo kwa mgongo, mbili zikigawana ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alitupokea na karatasi ya makadirio mkononi. Kampuni moja ilikuwa imemwambia madirisha yote yang'olewe, fremu na vyote. Kosa lenyewe? Kioo cha sebuleni kina ukungu. Shemeji hakusema neno. Alipitisha kidole upande wa chumbani, akatoka akapitisha upande wa nje, na ukungu ukabaki palepale.

Hapo ndipo penye elimu, kaka. Ukungu ukiwa upande wa chumbani, usililaumu dirisha. Wanaoishi ndani wanaanika nguo juu ya hita, wanachemsha masufuria na hawafungui hata upenyo. (Dada akisoma hapa atanuna, maana kwake ndivyo kulivyo.) Ukiuona upande wa nje alfajiri, furahi: joto la chumba halivuji kufika kioo cha nje, ndiyo maana kimepoa mpaka umande ukatua. Lakini ukiwa katikati, pasipofikika kwa kitambaa, jozi hiyo imekufa.

Jozi yenyewe iko hivi. Vioo viwili, mara nyingi vya milimita 4 kila kimoja, vinatenganishwa na ufito mwembamba unaozunguka pembeni pote. Kwenye za zamani ufito huo ni wa alumini. Nafasi ya katikati siku hizi huwa kama milimita 16 au 20, na mara nyingi wanaijaza gesi ya argoni, kwa sababu joto hupita humo kwa shida zaidi kuliko kwenye hewa. Ndani ya ufito kuna chembechembe za kunyonya unyevu, ndugu wa zile za vipakiti tunavyotupa tukinunua viatu vipya. Kisha pembeni panazibwa kwa gundi. Sasa jua likipiga, gesi inatanuka na vioo vinabenuka nje. Usiku inanywea na vioo vinarudi ndani. Mchezo huo ni wa kila siku, miaka nenda miaka rudi. Gundi inachoka, unyevu unapenya, chembechembe zinanyonya mpaka zinashiba. Siku zikishiba ndipo mwenye nyumba anaona ukungu. Ugonjwa ulianza zamani, ukungu ni tangazo la msiba tu.

Na fremu haina hatia yoyote katika habari hii. Shemeji alichukua kisu kipana kisicho na ncha, akakichomeka kati ya fremu na kibanio cha plastiki kinachoshika kioo. Hakuanzia kwenye kona kama ambavyo ningeanza mimi. Alianzia katikati ya kibanio kirefu, kwa sababu pale ndipo plastiki inapokubali kupinda. Akagonga mpini kwa kiganja, tak, kibanio kikaruka. Virefu vinatoka kwanza, vifupi vinafuata. Wakati wa kurudisha, vifupi vinatangulia. Akapima upana, halafu urefu, halafu unene, kwa mpangilio huohuo, maana kiwandani wanasoma upana kwanza na ukiwageuzia utaletewa kioo kilicholala. Vipimo vya kioo vinapunguzwa milimita chache, kisiguse fremu mahali popote; kinakalia vipande vidogo vya plastiki. Na kama kioo kiko chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, au chini ya milimita 1500 kwenye mlango, lazima kiwe cha usalama, chenye muhuri wake kwenye kona. Kile kilichopikwa kwa moto hakikatwi tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo futi lako likidanganya, umekula hasara.

Sasa sikiliza hili, maana naona ndilo linalotenganisha fundi na mbadilisha vioo. Jozi ilipotoka, mfereji wa chini wa fremu ulikuwa na maji meusi na takataka za buibui. Fremu hizi zimetobolewa matundu chini ili mvua inayopenya itoke nje. Ya yule mama yalikuwa yamezibwa kwa uchafu, na upande wa nje hata kwa rangi ya aliyepaka ukuta. Jozi ilikuwa imekalia maji, na gundi haipendi kulowa kila wakati. Shemeji aliyazibua kwa waya, akamimina maji ya kikombe kuhakikisha yanatoka nje, ndipo akaagiza jozi mpya. Angeruka hatua hiyo, ile mpya ingeenda njia ileile.

Yule mama aliuliza kuhusu cheti. Tangu Aprili 2002, kubadilisha dirisha zima huku kunaangukia kanuni za ujenzi na kunahitaji hati. Kioo peke yake ndani ya fremu ileile, hapana. Wapo pia wanaotoboa kioo tundu dogo, wakakausha ndani na kuweka kizibo cha kupumulia. Ukungu unaondoka kweli. Lakini gesi nayo imeondoka, na zile chembechembe zilizoshiba ziko palepale. Mimi naona huko ni kumuuzia mtu hewa.

Safari iliyonipendeza zaidi ni ya Swaledale, bonde la kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Tuliitwa nyumba ya shamba karibu na Reeth, mlango wa nyuma ulikuwa haufungi mpaka uuinue kwa goti. Milango hii ina kitasa chenye ndoana juu, katikati na chini. Unainua mkono wa kitasa, ndoana zote zinatoka, halafu ndipo unazungusha ufunguo. Mlango ukishuka hata milimita chache, ndoana hazioni matundu yake. Mwenye nyumba analazimisha, na kinachovunjika ni giaboksi ndogo ya katikati. Wengi hapo wanauziwa mlango mpya. Shemeji anabadilisha giaboksi: anapima kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya ufunguo, ambapo mara nyingi ni milimita 92, na kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya ufunguo, ambapo 35 ni ya kawaida, kisha anasoma jina lililogongwa kwenye bamba.

Ila kabla ya giaboksi alitibu sababu. Alitoa vibanio vya kioo cha mlango, akachomeka kipande cha plastiki chini, kwenye kona ya upande wa bawaba, halafu kingine juu, kwenye kona ya upande wa kitasa. Kioo chenyewe kikawa mhimili wa mshazari, kikasukuma uzito wote kuelekea bawaba ya chini. Si ndiyo ule ubao wa kimshazari tunaoupigilia nyuma ya mlango wa mbao wa jikoni, unaoanzia bawaba ya chini na kupanda juu upande wa komeo? Kanuni ni ileile, ila huku kioo ndicho ubao. Mlango ukapanda mbele ya macho yangu. Bawaba akazimalizia kwa alenki, robo mzunguko hapa, robo pale. Silinda ya ufunguo pia aliibadilisha, kwa kuwa ilichomoza nje ya bamba na wezi wa huku wanaivunja kwa kuishika na koleo. Inayofaa inatakiwa ilingane na bamba, na bora iwe ya nyota tatu za usalama.

Kwa kuwa tulikuwa tumeshafika huko, shemeji alinipandisha mpaka Tan Hill, baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 toka usawa wa bahari. Upepo, kaka! Mlango wa gari ulitaka kuondoka na mkono wangu. Miaka ya 1980 kampuni ya madirisha ya Everest ilimpeleka pale Ted Moult, mkulima aliyekuwa maarufu kwenye televisheni, akadondosha unyoya mbele ya dirisha la vioo viwili huku nje kunavuma, na unyoya ukashuka wima. Watu wazima bado wanalikumbuka tangazo lile. Novemba 2021 dhoruba iliwafungia wateja humo ndani siku kadhaa kwa theluji, pamoja na bendi iliyokuja kupiga muziki. Nadhani ni kifungo ambacho baadhi walikifurahia.

Mwisho tulikwenda Scarborough, mji wa pwani wenye ngome juu ya jabali. Hapo nilijiona kama niko kwetu, kasoro joto. Adui ni chumvi. Dirisha la ghorofani lilikuwa linapiga mluzi. Raba zake nzima, kioo kizima; bawaba zile za kuteleza, zinazojificha kati ya fremu na ubawa, ndizo zilizokuwa zimeliwa na kulegea, ubawa ukawa haukai sawa. Kuzibadilisha ni skrubu chache tu, ilmradi upime urefu na kimo, maana zipo za kimo cha milimita 13 na za 17, na ukikosea dirisha halifungi. Shemeji aliweka za stenlesi nzuri. Alinionyesha kwa sumaku ya kawaida: bawaba za bei rahisi iliziganda, hizi mpya ilizigusa ikaanguka. Stenlesi inayoshikwa sana na sumaku kwa kawaida ndiyo inayowahi kushindwa na chumvi.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujalipia bawaba za ile nyumba ya Kigamboni, beba sumaku dukani. Yule muuzaji atakuapia kwamba zote ni stenlesi, na kwa jina ni kweli. Wewe mwache aape, jaribu moja moja. Na mteja wetu wa ofisi anayetaka vioo viwili kwa ajili ya kiyoyozi, usimpe bei mpaka nirudi. Muulize tu kwanza fremu zake zina matundu ya kutolea maji au hazina, na kama zina, nani atakayekuwa anayazibua.

Kisu kama cha shemeji nimeshakununulia. Mlipe yule kijana hela yake ya silikoni, nilimwahidi kabla sijapanda ndege.

Nduguyo,
Juma