Kibanda cha mita tatu kwa nne

Katika miji ya dhahabu ya Geita na Kahama, watoto wengi humpata baba kwa vipande. Baba anaondoka kwenda Nyarugusu, Mgusu au Lwamgasa mtoto akiwa bado amelala. Anarudi usiku, au baada ya wiki mbili, na akirudi amechoka. Anachokuja nacho ni fedha ya ada, ya viatu na ya unga. Mtoto anashukuru, lakini ukimuuliza baba yake anafanya kazi gani hasa, jibu ni fupi: "Yuko machimbo."

Mkulima wa pamba wa Kishapu humfundisha mwanawe akiwa naye shambani. Fundi seremala wa Katoro humwita mwanawe amshikie ubao. Mchimbaji hana nafasi hiyo. Shimo la dhahabu si mahali pa mtoto. Ni hatari, na sheria inakataza watoto kufanya kazi humo. Kwa hiyo mikono ile ile inayojua kupima, kuchimba na kufunga magogo yasiporomoke, mtoto haioni ikifanya kazi hata siku moja.

Baba wa namna hii anahitaji kazi nyingine ya kufanya na watoto wake. Iwe kazi ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, ambayo mtoto anaweza kushika sehemu yake. Kwa familia iliyo karibu na Ziwa Victoria, au karibu na lambo huko Shinyanga, kazi hiyo inaweza kuwa kibanda kidogo cha kuvulia samaki, kilichojengwa na wao wenyewe mahali ambapo gari halifiki.

Wazo lenyewe si geni

Babu, ambaye Wasukuma humwita guku, alijua kujenga kibanda kabla hajajua kujenga nyumba. Kijana aliyetumwa kulinda mtama dhidi ya ndege na nyani alisimamisha dungu lake mwenyewe. Wachungaji waliohama na ng'ombe walijenga vibanda vya msimu. Wawindaji nao walikuwa na kambi zao porini. Wasukuma walikuwa na vyama vya wawinda nungunungu, na ngoma yao, bununguli, bado inakumbukwa.

Uwindaji wa namna ile umepita. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali, na hilo linahusu hata digidigi wa mboga ya siku moja. Mzazi anayempeleka mtoto kutega wanyama anamfundisha kosa la jinai. Ndani ya hifadhi kama Rubondo au Burigi-Chato, hata kusimamisha kibanda chenyewe hakuruhusiwi. Kilichobaki kwa familia ni ndoana, na hiyo inatosha. Sato na kambale huvulika kwa mti na uzi, na mtoto wa miaka saba anaweza kukaa kimya kwa nusu saa akisubiri uzi uvutwe. Hata hivyo uvuvi nao una sheria yake ya mwaka 2003 na leseni zake, kwa hiyo ni vizuri kumwona ofisa uvuvi au viongozi wa mwalo kwanza.

Kuchagua mahali

Baba akiwa na haraka atataka kujenga pale pale maji yanapogusa mchanga. Asifanye hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisilojengwa. Sheria hiyo inakwenda sambamba na akili ya kawaida. Viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, na hurudi kwa njia zao zile zile. Mamba hukaa ukingoni. Maji ya ziwa nayo hupanda na kushuka. Kibanda kilicho mbali kidogo, kwenye mwinuko mdogo, humwezesha mtoto kulala bila baba kukesha.

Ila kisiwe juu kabisa ya kilima, wala chini ya mti uliosimama peke yake. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na kila mzazi wa huku anajua habari za msiba ulioletwa na radi.

Ardhi ikiwa ya kijiji, mwenyekiti na mtendaji waelezwe kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa, na ruhusa iandikwe. Mtoto akiwepo siku hiyo, akamsikia baba yake akimsalimia mzee wa kijiji kwa "Mwangaluka" na kuomba ruhusa kwa adabu, atakuwa amepata somo la kwanza la ujenzi.

Kuna jambo moja la kuangalia katika ukanda huu wa dhahabu. Mahali palipokuwa na machimbo huwa na mashimo ya zamani yaliyofunikwa na nyasi. Vilevile madimbwi yaliyo karibu na makarasha na sehemu za kuoshea dhahabu yanaweza kuwa na zebaki, na zebaki huingia kwenye tope na kwenye samaki. Udongo wa kukandikia usichimbwe hapo, na samaki wa hapo wasiliwe, hasa na watoto na mama mjamzito.

Hesabu ya tatu, nne na tano

Kwa kuwa gari halifiki, kila kitu kitabebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa baiskeli au kichwani. Hiyo inasaidia kuzuia tamaa. Mita tatu kwa nne zinatosha watu wanne kulala na mzigo wao kukaa pembeni.

Vipimo hivyo vina faida nyingine. Vigingi vinne vikipigwa, upande mmoja mita 3 na mwingine mita 4, kamba ya kutoka kona moja hadi kona ya pili iliyo mkabala lazima iwe mita 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, chumba kimepinda. Mafundi wa huku wanaijua hesabu hii bila daftari. Mtoto wa sekondari ameiona ubaoni, akaikariri kwa ajili ya mtihani, akaisahau. Akishika yeye mwenyewe ncha ya kamba na kuambiwa, "Sogeza kigingi hicho kidogo, mwanangu, bado sentimita mbili," hataisahau tena.

Nguzo za mkaratusi uliokaushwa zinafaa, na hununuliwa kwa watu waliopanda. Zifukiwe kama sentimita 60. Sehemu inayoingia ardhini ichomwe moto juu juu mpaka iwe nyeusi. Hilo hupunguza kasi ya mchwa na kuoza, ingawa haliwazuii mchwa milele. Kati ya nguzo hufungwa fito, na kati ya fito hujazwa udongo. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa, kwa sababu unashikana vizuri. Ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, haupasuki sana ukikauka.

Paa la nyasi linataka mteremko mkali, kama nusu ya kona ya mraba, ili maji yakimbie. Paa likilala, maji hukaa, nyasi zinaoza na kibanda kinavuja kabla ya mwaka kwisha. Nyasi zitokeze nje ya ukuta kwa kiasi cha hatua moja, kwa maana adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni mvua inayoupiga kwa pembeni.

Nyasi na fito hizo zina historia inayostahili kusimuliwa watoto wakati wa kufunga matita. Zamani misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa wingi, sehemu ya sababu ikiwa ni kuwafukuza mbung'o, na sehemu ikiwa ni mashamba na mifugo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliuona mkoa huo ukigeuka jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na uliwasaidia wakulima kurudisha ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaote na kutumika kiangazi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tita la nyasi linalonunuliwa leo kwa mwenye ngitili limewezekana kwa sababu kuna mzee aliyekubali kufunga eneo lake asilile mara moja.

Kila mtoto na kazi yake

Kusaidia baba si sawa na kufanyishwa kazi. Mtoto wa miaka sita anaweza kukabidhi kamba, kuhesabu fito na kuleta maji kwa kidumu kidogo. Wa miaka kumi anaweza kukanyaga udongo na kukandika ukuta, kazi ambayo wengi huigeuza mchezo. Wa miaka kumi na tano anaweza kupima, kukata kwa msumeno na kufunga. Kupanda juu ya paa na kuchimba shimo refu ni kazi za mtu mzima.

Binti naye asiachwe akipika uji wakati kaka zake wanajenga. Mama na bibi zetu wamekandika kuta nyingi katika mkoa huu kuliko wanaume, na binti aliyejua kutumia timazi hadanganywi na fundi siku atakapojenga nyumba yake.

Msimu unaofaa ni likizo ya Juni. Mvua zimekwisha, nyasi zimekomaa, udongo unakauka. Asiye na likizo afanye Jumamosi moja moja hadi Septemba, ila asiache paa lisubiri mvua za Oktoba na Novemba.

Neno la mama

Katika nyumba nyingi mama atauliza swali gumu: fedha ya kibanda cha samaki si ingelipa ada? Swali hilo halistahili kujibiwa kwa hasira. Kama ada haijalipwa, ada ilipwe kwanza. Kibanda cha udongo na nyasi kina uzuri huo, kwamba kinaweza kungoja, na kinaweza kujengwa kidogo kidogo kwa vitu ambavyo vingi havinunuliwi mjini. Baba akianza kuzungumza kuhusu mabati, saruji na jenereta, hapo mama ana haki ya kukataa.

Swali lake la pili huwa ni usalama, na hapo asikilizwe neno kwa neno. Maji ya Ziwa Victoria yana kichocho. Watoto wasiogelee wala kusimama majini, hasa mchana jua likiwa kali. Maji ya kuoga yatekwe na kukaa kwenye ndoo siku mbili kabla ya kutumika, na ya kunywa yachemshwe. Aliyekwisha kuingia majini mara nyingi apelekwe kituo cha afya apimwe, kwani dawa ipo. Kila kitanda kiwe na chandarua. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani usiku hata kukiwa na baridi namna gani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu waliolala nayo wamefunga mlango hawaamki.

Kinachobaki

Ukuta wa udongo hauvumilii masika mengi bila kukandikwa upya. Nyasi hulegea, mchwa hurudi, mlango hukwama. Mwenye haraka ataona hasara, na atashauri kuweka matofali ya kuchoma na bati ili kazi iishe mara moja.

Lakini kwa baba wa machimbo, kazi isiyoisha ndiyo anayoihitaji. Kibanda cha bati kinaweza kusahauliwa miaka mitatu. Cha nyasi kinamtaka baba arudi kila Juni, na watoto wake wakiwa naye, wakubwa kidogo kuliko mwaka uliopita. Aliyekuwa akikabidhi kamba sasa anashika msumeno. Aliyekuwa akishika msumeno sasa anamsahihisha baba yake kwamba nguzo ya kushoto imeinama, na baba anaweka timazi, anaona kweli imeinama.

Dhahabu ni bahati, na kila familia ya Geita inamjua mtu aliyeipata akaimaliza, na mwingine aliyeitafuta miaka ishirini bila kuiona. Mtoto hawezi kurithi bahati ya baba yake. Anaweza kurithi kipimo chake, subira yake na namna anavyoomba ruhusa kwa wenye ardhi. Ili arithi, lazima awe amesimama karibu naye, mikono yake ikiwa na udongo, siku za kutosha.