Punje Nyuma ya Kikuku

Usaha wa kolesteatoma una harufu yake; ukishaunusa mara moja hausahauliki. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na mwaka 2001 nilikuwa muuguzi wa thieta Muscat, mwaka wa 14 nikiwapa madaktari vyombo vya upasuaji wa masikio. Kolesteatoma si saratani. Ni ngozi iliyoingia sikio la kati, ikajikunja kama kifuko, ikawa inaongezeka na kula mifupa: aghalabu huanza na fuawe, kisha kikuku. Ikiachwa, hata ubongo huufikia.

Siku hizo tulitegemea hadubini. Daktari huchana nyuma ya sikio, akalilaza mbele kama jani, kisha drili ikaanza kuchimba mfupa, kazi ya muda wa saa tatu au nne. Mara nyingi mfupa ule huchimbwa ili kupata njia tu, kwa sababu hadubini huona kwa mstari ulionyooka, haikati kona. Na sikio la kati limejaa kona. Iliyotusumbua zaidi ni kishimo kiitwacho sinasi timpani, kilicho nyuma ya kikuku, upande wa ndani wa mshipa wa fahamu wa uso. Ugonjwa ukibaki humo, mgonjwa hurudi na harufu ile ile. Namkumbuka mvuvi mmoja aliyerudi mara mbili. Tulimwambia ameingiza maji sikioni, naye akaomba radhi.

Siku ninayoisimulia, mgonjwa alikuwa binti wa miaka 11. Bibi yake alinishika mkono mlangoni: "Mwanangu, nakuachia huyu."

Daktari alikuwa amemaliza kwa hadubini na hakuona kitu kilichobaki. Hata hivyo akasema, "Dada, nipe ile endoskopu." Tulikuwa tumeazima ya pua za watoto, fimbo ya milimita 2.7, jicho lake limekatwa mshazari, nyuzi 30. Jean-Marc Thomassin wa Marseille alikuwa ameshaandika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, juu ya kukagua sikio namna hiyo. Na mwaka 1997 Muaaz Tarabichi akaandika juu ya kuondoa kolesteatoma kwa endoskopu yenyewe.

Nikakifuta kioo chake kwa dawa ya kuzuia ukungu. Tukapunguza mwanga, maana ncha yake hupata moto. Runinga ikawaka, na kwa mara ya kwanza thieta nzima tukaona alichokuwa akikiona daktari peke yake. Kikuku kile, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kiling'aa kama kimepakwa mafuta. Akaizungusha fimbo. Nyuma ya kikuku, kishimoni, palikuwa na punje nyeupe, kama chenga ya mchele.

Hakuna aliyesema neno. Mkono mmoja wa daktari ulishika endoskopu, kwa hiyo mwingine ulishika mara mrija wa kunyonya damu, mara ndoana. Damu ikaziba kioo. Akatoa, nikafuta, akarudisha. Mara ya nne punje ikatoka nzima juu ya ncha ya ndoana, akaiweka kwenye shashi mkononi mwangu. Mimi nikamfikiria mvuvi.

Bibi alikuwa bado amesimama palepale mlangoni. "Imetoka yote?"

Miaka yote niliwajibu watu swali hilo kwa kurudia maneno ya daktari. Safari hii nilimwambia, "Nimeiona mwenyewe ikitoka, bibi."