Milimita 8 zilizotuliza usukani

Haya wadau, leo tuweke kodi kando kidogo, tuongee vyuma.

Gari ninalojiundia nyumbani ni la aina ya Locost, yaani mjukuu wa ile Lotus Seven aliyoitoa Colin Chapman mwaka 1957. Mwaka 1996 Ron Champion aliandika kitabu cha kuonyesha jinsi ya kujichomelea chasisi ya namna hiyo, na ugonjwa wangu ulianzia hapo. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili ya chuma yenye umbo la V, mmoja juu, mwingine chini.

Shida ilikuwa hii: gurudumu moja likipanda tuta, gari linavuta upande hata kama usukani nimeushika sawasawa. Gari lenyewe halina paa wala milango, na binti yangu anadai kiti cha abiria kila siku. Hilo si la kuachia bahati.

Fundi anayenisaidia kuchomelea akasema, "Kijana, tia springi ngumu, litatulia."

"Mzee, nipe Jumamosi moja nipime kwanza," nikamjibu. Springi ngumu ingepunguza tu mwendo wa gurudumu. Ugonjwa ungebaki pale pale.

Gurudumu likipanda, ile mikono miwili hulipitisha kwenye upinde wake. Fimbo inayotoka kwenye reki ya usukani nayo ina upinde wake. Pinde hizo zisipolingana, fimbo inasukuma au inavuta, na gurudumu linajikata lenyewe.

Basi nikatoa springi, nikafunga usukani usicheze, nikakaza ubao ulionyooka wa sentimita 40 kwenye habu. Nikapandisha gurudumu kwa jeki, milimita 10 kila hatua, nikipima umbali wa ncha zote mbili za ubao kutoka kwenye uzi niliouvuta kando ya gari. Namba zote nikazichorea grafu.

Grafu ikipinda kama bakuli, kasoro iko kwenye urefu wa fimbo. Ikiwa mstari ulionyooka lakini umeinama, kasoro ni kimo cha reki. Yangu ilinyooka: gurudumu likipanda milimita 40, ncha ya mbele ilitoka nje milimita 3 kuliko ya nyuma. Kwa kuwa reki yangu iko mbele ya ekseli, jibu likawa wazi: imekaa juu mno.

Fundi akakata vishikizo vya reki, akavichomelea milimita 8 chini. Nikapima tena, tofauti haikufika nusu milimita. Mzee akaitazama grafu, akacheka: "Kumbe kompyuta nayo inajua gari!"

Neno moja kwa wanaojiundia: msikunje wala kuchomelea fimbo ya usukani ili kupata pembe. Ikikatika ukiwa mwendoni, huna usukani tena. Sogezeni reki.

Springi ni zile zile laini. Kinachofuata ni breki, kisha tutaona kuhusu kiti cha abiria.