Chumvi ya Majivu Chini ya Mlima Masaba

Msafiri aingiaye Mbale hupokewa kwanza na majabali ya Wanale, yaliyousimamia mji mfano wa ukuta. Nyuma yake ndiko uliko mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Mji wenyewe si wa kale; ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipohamia hapo pamoja na wafuasi wake. Chumvi ya majivu ina umri mkubwa kuliko mji.

Kabla ya chumvi ya dukani kuenea, akina mama walichoma maganda makavu ya ndizi au ya maharage. Majivu yalitiwa katika chungu kilichotobolewa chini, yakamwagiwa maji kidogo kidogo. Kazi hii haitaki pupa, kwani maji mengi hushuka na majivu yake. Yaliyodondoka yalikuwa ya rangi ya kahawia na makali kidogo ulimini. Mifugo nayo ilikuwa na chumvi yake: wafugaji wa mlimani waliingiza ng'ombe mapangoni walambe mawe. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, hata tembo huingia usiku na kuuchimba mwamba kwa pembe zao.

Maji ya majivu hayajaachwa, na sababu ni malewa. Haya ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi, nayo huuzwa sokoni Mbale. Ni magumu, maji hayo huyalainisha kabla ya kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, wachumaji walijikuta wakihesabiwa kuwa wavamizi, na ilibidi yafanywe makubaliano ili baadhi ya vijiji viruhusiwe tena kuchuma.

Hata hivyo majivu hayana dawa ya rovu, ule uvimbe wa shingoni uliowasumbua watu wengi wa milimani, ambako mvua huiosha ardhi ikapoteza madini ya joto. Ndiyo maana sheria ya Uganda hutaka chumvi ya dukani itiwe madini hayo. Moto mrefu huyapunguza. Kwa hiyo mpishi mwangalifu wa Mbale huanza na maji ya majivu, malewa yakalainika, kisha hutia chumvi ya dukani mwishoni, chungu kikikaribia kuteremshwa, na kopo lake hulifunika mara moja.