Hukumu Ndani ya Kitenge



Mama mmoja mjane wa shirika letu hapa Lubumbashi alikuja kwangu jioni moja na karatasi ndani ya kitenge. Shamba la marehemu mume wake lilikuwa limechukuliwa na mtu mwenye mali. Akasema: «Mwalimu, uniandikie barua kwa tribinali ya mataifa. Hapa kwetu nimeshindwa.» Nikaandika usiku ule ule, kwa Kifaransa cha seminari, nami nikajisifu moyoni. Karatasi yake sikuisoma.

Kumbe ilikuwa hukumu ya tribinali ya amani, na siku za kukata rufaa zilikuwa zingali mbele yetu. Barua haikujibiwa. Avoka alipokuja kuisoma ile karatasi, siku zilikuwa zimekwisha.

Mara ngapi nilikuwa nimefundisha habari ya mjane wa Injili, aliyemrudia mwamuzi asiyemwogopa Mungu! Sikuona kwamba yule alikuwa mwamuzi wa mji wake mwenyewe.

Kongo iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1987. Kifungu cha 56 chasema kwamba mwenye malalamiko amalize kwanza njia za sheria za nchi yake, ila ikiwa ni wazi kwamba shauri linacheleweshwa kupita kiasi. Akiisha kuzimaliza, asikae muda mrefu mno kabla ya kuandika. Tena huko hushitakiwa Serikali, wala si jirani. Ndiyo sababu Serikali hupewa nafasi kwanza ya kutengeneza kosa nyumbani mwake.

Mtu atasema: na kama nyumbani mlango umefungwa? Tazameni watu wa Kilwa, ile ya ziwa Moero, si ya pwani ya Tanzania. Mwezi wa Oktoba 2004 waasi wachache waliuingia mji ule; askari wa Serikali walipokuja kuukomboa, watu zaidi ya 70 waliuawa. Kampuni ya madini ya Anvil Mining, iliyochimba Dikulushi, ilikuwa imewapa askari magari na ndege. Mahakama ya kijeshi ya hapa Katanga ilisikiliza shauri, na tarehe 28 Juni 2007 ikawaachilia washitakiwa wote kwa habari ya mauaji ya Kilwa, askari pamoja na watu wa kampuni. Fikirini raia waliofiwa, wakidai haki mbele ya waamuzi wenye kofia za jeshi!

Lakini walikuwa wamegonga, na alama ya kugonga kwao ilikuwa imeandikwa. Mwaka 2010 mashirika ya kutetea haki yalipeleka shauri lao kwa Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, nchi ya Gambia. Tume si mahakama kamili, walakini ilipokea shauri, na mwaka 2017 uamuzi wake ukatangazwa: Kongo ilikosa, iwalipe wahanga wanane dola milioni 2.5, iwashitaki wenye hatia. Kuamuliwa na kulipwa ni mambo mawili, najua. Lakini bila makaratasi yale ya Lubumbashi, wangeonyesha nini kule Banjul?

Siku hizi mtu akinijia na malalamiko, naomba kwanza karatasi zake, natafuta tarehe, ndipo nashika kalamu. Mama yule bado huketi benchi la tatu kila Dominika, na baada ya Misa hunisalimu: «Jambo, Mwalimu.» Shamba lina nyumba ya mtu mwingine.